Matanga ya Farasi Trigo

Wauza vitabu chakavu wa soko la Pemba, hii ya Msumbiji, wamenizoea. Wakiniona kwa mbali nikija na mwavuli wangu wanaitana, "Bibi wa kavalo huyo," yaani wa farasi kwa Kireno, na kabla sijainama juu ya turubai lao wamekwisha kunitolea kitabu cha punda, au cha ng'ombe, au cha ngamia wa jangwani, kwa kuamini kwamba mnyama ni mnyama. Ninachotafuta ni kitu kimoja tu: vitabu vya watoto vya Kireno vya zamani, vile vya msichana na farasi wake, vyenye jalada gumu na mgongo wa kitambaa, na picha zilizochorwa kwa kalamu nyembamba. Ninavyo kabati zima. Vingine nilivikuta Nampula, vingine Maputo nilipokuwa nikienda kwenye semina za walimu, na vingine ananiletea mpwa wangu anayeishi Lisboa, akinung'unika kwamba shangazi za wenzake huagiza manukato. Vingi vina majina ya watoto waliokuwa wenyewe, yameandikwa kwa penseli ya rangi kwenye ukurasa wa kwanza; katika kimoja mwenyewe amechora farasi mwenye miguu mitano na wala hakujali. Kila Ramadhani, baada ya futari, najifungia navyo chumbani. Mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu, nasoma vitabu vya watoto wa miaka kumi. Sioni haya. Wenzangu wanatazama tamthilia za Kituruki, na hakuna anayewauliza kitu.

Ramadhani iliyopita nilivisoma kwa moyo mzito, kwa sababu Bi Nuru alikuwa amekufa majuma machache kabla ya mfungo. Tulimzika hapa hapa Pemba, mbali na Palma yake ya kaskazini, mpakani, maana vita hivi vya siku hizi vilitukuta sote tumezeeka, vikatubwaga huku kama mizigo. Kwenye matanga yake watu walijaa. Wanawake walilia kwa sauti mpaka mtaa wa pili, vyungu vikapikwa uani mchana kweupe, na mimi nilikaa kwenye kona ya mkeka nikiwa na huzuni na furaha kwa pamoja. Mjukuu wake mmoja aliniinamia akaniuliza, "Bibi Zena, mbona unatabasamu?" Singeweza kumweleza pale. Namweleza hapa, kwa kuandika habari za mwaka mmoja tu. Nani alimzaa nani katika ukoo wangu, na tulitoka wapi, nawaachia wapenda nasaba. Wapo wengi na hawana kazi nyingine.

Nilivunja ungo katikati ya vita vya kumtoa Mreno. Kwa desturi yetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akawa mwali. Haonekani na mwanamume, hapigwi na jua, hasemi ila kwa mnong'ono. Anapakwa msiro, mti uliosagwa kwa maji, usoni na mikononi mpaka anakuwa mweupe kama aliyeanguka kwenye pipa la unga, na kungwi wake anamfundisha yale ya utu uzima. Zamani ilikuwa majuma machache. Mimi nilikaa karibu mwaka. Palma ilikuwa imejaa askari, watu wa Mute na wa Pundanhar walikuwa wamekusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa waya, na hakuna mama mwenye binti anayekua aliyelala usingizi mzuri. Shangazi Mwanaidi, ambaye ndiye aliyenilea, aliikamata ile desturi kwa mikono miwili. Kila kungwi wangu alipomwuliza nitolewe lini, alijibu, "Bado hajaiva." Nilikuwa nimeiva kitambo. Alichokuwa akingoja ni askari waondoke, na askari hawakuwa na haraka.

Kungwi wangu alikuwa Bi Nuru. Wakati ule alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye kicheko kilichoanzia tumboni na meno mekundu kwa tambuu. Alinifundisha mambo ambayo hata leo nikiyakumbuka peke yangu jikoni naangalia nyuma kama kuna mtu. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, kati ya jiko na uchochoro, dirisha limezibwa kwa gunia, na mwanga pekee uliingia kupitia matundu ya makuti ukatua sakafuni vipande vipande. Kulikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, na jiwe la kusagia msiro. Mlangoni palikuwa na pazia la kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Niliishi kwa masikio na pua. Nilimjua kila mgeni kwa kikohozi chake, na nilijua kabla ya mtu yeyote kama leo ni majani ya mhogo kwa nazi au ni yale yale bila nazi.

Niliyoyasikia zaidi kupitia ukuta ule yalikuwa habari za Lindi. Ungewasikiliza watu wa Palma mwaka ule ungedhani Lindi mito inatiririka asali. Vijana wote walikuwa Lindi. Bakari, mwana wa pekee wa Bi Nuru, alikuwa Lindi akikata mkonge. Sefu, mwana wa shangazi, ambaye mimi na yeye tulikulia mkeka mmoja, naye alikuwa Lindi. Sote, wakubwa kwa wadogo, tulijua kwamba njia ya Lindi inapita msituni, na kwamba wengi wameishia humo humo na bunduki mkononi wakimpiga Mreno. Lakini neno lilikuwa Lindi, na sipai, askari mweusi wa Mreno, akiuliza, ni Lindi. Nyumba iliyojulikana kuwa na mtoto msituni ilipelekwa nzima kwenye kambi kuhojiwa, na waliorudi walirudi hawasemi.

Vitabu viliingia nyumbani kama karatasi za kufungia karanga. Mume wa shangazi alikuwa mainato, dobi wa nyumbani, kwa Mreno mwenye duka kubwa karibu na forodha, na mimi nilikulia chini ya meza yake ya kupigia pasi pamoja na Lurdes, binti wa mwenye duka. Lurdes alijifunza kusoma kwa kuvisoma vile vitabu kwa sauti, nami nilijifunza kwa kumkosoa. Barabara ilipotegwa mabomu, familia ile ilipanda meli kwenda Porto Amélia, kama Pemba ilivyoitwa, ikamchukua na dobi wake, na sanduku la vitabu likabaki kwetu. Shangazi, aliyekuwa akiuza karanga barazani, aliliona kuwa ni riziki. Kitabu cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuliwa nusu na karanga siku niliyoletewa yangu kwenye karatasi yenye kichwa cha farasi. Nikalia, na mwali kulia hovyo ni mkosi.

"Karatasi tu hizo," shangazi akasema.

Bi Nuru ndiye aliyeniokoa. "Ntoto kakaa kizani kama panya, we Mwanaidi. Na panya naye ana karatasi zake. Nwachie."

Mwanzoni nilisoma peke yangu. Kisha Bi Nuru akachoka kuniona nikicheka bila kumshirikisha, akataka nimfasirie. Kesho yake akaja na jirani, jirani akaja na wifi yake, na haukupita muda kila alasiri chumba changu kikawa kimejaa wanawake waliobanana mkekani na kazi zao mapajani, huyu anasuka ukili, huyu anachambua mboga. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona farasi. Kwetu mbung'o hawamwachi akaishi. Tulimjua kutoka chuo cha Kurani tu, katika ile sura fupi inayoapa kwa farasi wakimbiao wakihema, kwa hiyo mwanzoni wanawake walimpa heshima ya dini. Bi Nuru alifukiza ubani kabla sijafungua kitabu, na mama mmoja akakataza watu kunyoosha miguu. Heshima hiyo ilipungua kadiri farasi alivyofahamika. Niliposoma kwamba msichana wa kitabuni, Teresa, alimlisha farasi wake sukari, mle chumbani mliwaka moto. Sukari sisi tulikuwa tumeisahau ladha yake.

"Nnyama anapewa sukari," alisema wifi wa jirani, polepole, kama anayeapishwa.

"Ndio maana dukani haikuwepo," akajibu mwingine. "Kumbe ilikuwa na mwenyewe."

Nilipofika kwenye kiatu cha chuma, na jinsi fundi anavyokipigilia misumari kwenye ukwato, Bi Nuru alinisimamisha. "Nsumari? Miguuni? Na yu hai?"

"Hasikii maumivu, Bi. Ukwato ni kama kucha."

"Nani kasema hasikii?"

"Kitabu."

"Na kitabu kaandika nani?"

"Mreno."

"Haya," akasema, akarudi kwenye ukili wake. Habari ya farasi kulala amesimama waliibishia siku nzima, na walipoikubali, walikubali kwa sababu ya ile misumari. Nani angelala vizuri nayo.

Nikivisoma vitabu hivi leo naona kwamba bibi aliyeviandika hakuwa fundi sana. Kila kitabu kina farasi mkorofi asiyepandika, msichana mpweke anayempanda, baba mkali, mashindano, na kikombe cha fedha. Maelezo ya mashamba ni marefu kuliko mashamba yenyewe. Lakini zile alasiri sikuwa na cha kulinganisha nacho, na nafikiri wanawake wa chumba kile waliviboresha. Walikatiza, walibisha, walimtukana baba wa Teresa kwa jina la shemeji wa mtu, na ukurasa mmoja ulichukua muda wa kupika chungu cha mbaazi. Waliyempenda kuliko wote ni Trigo, wa kitabu cha jalada la kijani. Trigo alizaliwa kwenye mvua, mdogo, miguu mirefu kupita kiasi, akakua mtundu wa kufungua mageti kwa meno na kuiba kofia za watu. "Mwanaharamu huyu," Bi Nuru alikuwa akisema kwa mapenzi yote, na kila siku alitaka tuanzie pale alipozaliwa, hata kama jana tulikuwa tumefika mbali.

Kisha siku moja Bi Nuru alikuja kimya. Hakuwa na tambuu mdomoni, hakunitania, alichukua jiwe akasaga msiro wangu mpaka jiwe halikuwa na kitu juu yake, naye akaendelea kusaga. Wanawake walipoingia niliona wakitazamana. Nikadhani anaumwa. Alasiri ile ndiyo tulikuwa tunafikia mwisho wa kitabu cha kijani, nami sikuwa nimeusoma mbele, kwa sababu nilipenda kushtuka pamoja nao. Mama wa Teresa anaugua, mto umefurika, daktari yuko upande wa pili. Trigo anatumwa na mtumishi mmoja juu yake. Mtumishi anafika. Trigo anateleza kwenye ukingo wa mbali, anachukuliwa na maji, na wanamkuta baadaye, chini sana ya mto, amekwisha kufa. "Hakurudi," nikafasiri. "Wakamzika huko huko, ng'ambo."

Bi Nuru akauliza, "Nani kanwosha?"

Nikatazama ukurasa kwa uaminifu wa mwanafunzi. "Kitabu hakisemi, Bi."

Hapo ndipo alipoanza kulia. Sijawahi kusikia kilio cha namna ile kabla yake wala baadaye. Alijiinamia mpaka paji la uso likagusa mkeka, na sauti ikatoka kana kwamba inatolewa na mtu mwingine, na wanawake wote, bila hata mmoja kumwambia nyamaza, wakainama naye wakalia. Na mimi nililia, kwa ajili ya Trigo. Nasema kweli, nililia na huku nimevimba kichwa. Niliamini ni kazi ya ufasiri wangu.

Hawakuondoka. Shangazi aliwatandikia mikeka zaidi sebuleni, moto wa jikoni kwetu ukazimwa kama inavyozimwa penye msiba, na majirani wakaanza kuleta vyungu vya chakula. Bi Nuru alikaa amejifunga kanga kichwani, hachani nywele. Hawakusoma dua wala kisomo, maana mpaka wa dini waliujua na mnyama hasomewi. Walikaa matanga tu. Mwanamke akiingia alimshika Bi Nuru mkono, akasema, "Pole kwa Trigo," naye akaitikia, "Tumeshapoa," kwa adabu zote. Mimi kitandani nilistaajabu kwamba hadithi inaweza kufanya hivi. Kitabu kile cha kijani ninacho sasa, katika nakala nyingine. Nilikipata Nampula, kimelika na mchwa pembeni, na siku nilipokifungua pale njiani nilishangaa kuona kifo cha Trigo kimeandikwa kwa mistari michache tu chini ya ukurasa, na juu ya ukurasa unaofuata Teresa amekwisha kununuliwa farasi mwingine.

Palma haikuwa mahali pa kuficha vyungu. Sipai aliyeitwa Momade, mtu wa kwetu na Mwislamu aliyevaa kofia ya Mreno, aliviona vikiingia, na aliona jambo jingine ambalo mtu wa kwetu pekee angeliona: vyungu vinaingia na jeneza halijatoka. Matanga bila maziko, mwaka ule, yalikuwa na maana moja. Kuna mtoto wa nyumba hii au ya jirani amefia msituni, na habari zake zimeletwa na mtu aliyevuka Ruvuma. Siku ya tatu, mchana, alikuja na sargento, yaani sajini, wa Kireno na askari wawili. Nilisikia viatu kwanza. Nikajibanza nyuma ya pazia langu la kanga, jicho kwenye mshono.

"Nani kafa?" Momade akauliza.

"Farasi," shangazi akajibu.

Momade akamfasiria sargento. Sargento akadhani anachezewa. Akauliza tena kwa sauti ya juu, na shangazi, ambaye hakuwahi kubadili jibu maishani mwake, akasema tena farasi. Basi sargento akamshika Bi Nuru kwenye mkono, akamwinua mkekani, na kupitia kwa Momade akamwuliza mwanawe Bakari yuko wapi. "Lindi," alisema Bi Nuru. Lakini alilisema jina la Lindi kama mtu anayejibu kutoka mbali, na machozi yakaendelea kumtoka bila yeye kuyafuta, na pale nyuma ya pazia nikaelewa. Hakuna aliyekuwa akimlilia farasi. Bakari amekufa, wote humu wanajua isipokuwa mimi, na mama yake alikuwa ameketi na kifo hicho kifuani bila ruhusa ya kutoa hata sauti, mpaka nilipomsomea mnyama aliyezikwa ng'ambo ya mto. Na nikaelewa la pili: akitolewa nje ya mlango ule hatarudi, na kitu pekee kinachoweza kumzuia ni yule yule farasi.

Shangazi aliniona. Alikuwa amesimama karibu na pazia, na bila kugeuka akaninong'oneza, "Usithubutu." Alikuwa na haki. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa amenificha macho ya watu hawa, nao walikuwa hawajui kwamba katika nyumba hii mna msichana. Nikachukua kitabu kitandani. Nikakifungua, nikasoma.

Sauti yangu ilikuwa imekaa miezi yote hiyo bila kupanda juu ya mnong'ono, kwa hiyo ilitoka imekwaruza. Nilisoma kwa Kireno, Kireno cha Lurdes, cha dukani kwa baba yake. Nilisoma mvua, na mto, na Trigo akisita kwenye ukingo na masikio yamelala nyuma. Nilipofika alipoteleza nilisimama kuvuta pumzi, na sargento akasema neno moja, "Continua," nami nikaendelea mpaka kaburini. Kisha akauliza ni nani aliye humo. Nikamjibu kwa lugha yake kwamba ni mtoto wa nyumba, kwamba wanawake hawa hawajui kusoma na mimi ndiye niliyewasomea, na kwamba walikuwa wakimpenda sana yule farasi. Akataka kitabu. Niliupitisha mkono wangu pembeni ya kanga, mweupe kwa msiro mpaka kwenye kiwiko, na kwa mshono nikamwona Momade. Alikuwa amegeukia ukuta. Alitambua mwali, na mkono wa mwali hautazamwi; akasimama hivyo, uso ukutani na bunduki begani, mpaka nilipourudisha ndani.

Sargento alifunua kurasa. Alisoma mwenyewe ile sehemu, akatazama picha ya Trigo na kofia ya mtu mdomoni, akatazama wale wanawake na nywele zao zisizochanwa na vyungu vyao, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamwachia Bi Nuru, ambaye aliketi chini kwa uzito wake. Aliwaambia askari wake kwamba hawa wanamlilia farasi wa kwenye kitabu cha watoto, na askari nao wakacheka, na Momade akacheka kwa kuchelewa kidogo, bado anatazama ukuta. Wakatoka. Kitabu alikiweka kwapani akaenda nacho, nafikiri kuwaonyesha wenzake.

Kilichozungumzwa kwanza walipoondoka kilinishangaza. Wifi wa jirani alisema kwamba mwali aliyesikika sauti na wanaume amevunja uwali wake, na kwa desturi inabidi aanze upya. Wakamtazama Bi Nuru, kwa sababu uamuzi ni wa kungwi. Alikuwa bado ameshika pale mkononi aliposhikwa. Akafikiri. "Hakusema yeye," akasema. "Kimesema kitabu." Likaisha.

Habari ilienea kambini siku ile ile. Tangu hapo askari wakipita mbele ya nyumba ya Bi Nuru walilia kama farasi, wakipiga viatu chini na kutikisa vichwa, na watoto wa mtaa wakajifunza kutoka kwao. Shangazi aliudhika kwa niaba yake. Bi Nuru hakuudhika hata kidogo. Sasa alilia barazani, mchana, mbele ya macho yao. "Waache wacheke," alisema. "Wamenipa ruhusa." Wote walijua yeye ni yule mama mjinga wa farasi, na mama mjinga wa farasi hahojiwi.

Naye hakuacha kuja kwangu alasiri. Siku ya kwanza baada ya matanga aliketi akanyoosha miguu, akasema, "Haya, mwanangu. Trigo. Pale alipozaliwa."

"Kitabu wamechukua, Bi."

"Kwani umensahau?"

Sikuwa nimemsahau. Nikaanza kusimulia kutoka kichwani, mvua, miguu mirefu, na nilipofika kwenye chakula chake Bi Nuru akanikatiza kwa utulivu. "Alipenda ukoko wa wali. Alikuwa anaugombea na paka." Nikatazama wanawake. Walikuwa wakitazama kazi zao. Nikasema, ndiyo, alipenda ukoko wa wali, akiugombea na paka, na Bi Nuru akafumba macho kama mtu aliyewekewa mto mgongoni. Siku iliyofuata alikuja mama mmoja kutoka upande wa pili wa mji, ambaye hakuwahi kufika kwetu. Alisikiliza mpaka katikati, akasema taratibu kwamba Trigo alikuwa akitumia upande wa kushoto kuliko wa kulia. Nikautia. Mwingine alikuja akasema aliogopa mbwa, mkubwa vile, akiogopa mbwa. Mwingine, kwamba hakuweza kuimba lakini aliimba. Hakuna aliyetaja jina, na hakuna aliyehitaji kuambiwa nini kimetokea katika nyumba ya mama anayeongeza neno. Waliokuwa na wana wao bado hai, au waliotumaini hivyo, walisikiliza tu. Nilijifunza kazi yangu ya ualimu pale, kabla ya chuo chochote: kupokea alichokuja nacho mtu, kukiweka mahali pake katika hadithi, na kuendelea bila kusimama sana.

Shangazi Mwanaidi hakuwa msikilizaji. Alikuwa akipita, akileta maji, akitoa majivu, akisema tunapoteza mchana. Tangu vita vianze sikuwahi kumwona analia, hata siku zile tatu alizotandika mikeka. Alasiri moja mwishoni mwa mwaka ule alikuwa ameketi kizingitini, akipepeta mchele, mgongo kwetu. Nilikuwa nimefika pale ambapo usiku unaingia na Trigo analala kwenye nyasi. Bila kugeuka, shangazi akasema, "Alikuwa akilala kaweka nkono chini ya shavu."

Farasi hana mkono, wala halali hivyo. Hakuna aliyecheka. Katika maisha yangu nilikuwa nimemwona mtu mmoja tu akilala vile, kila usiku, mkeka mmoja na mimi: Sefu. Ungo haukusimama, uliendelea kupanda na kushuka, na pumba zikaendelea kuruka kwenye mwanga wa mlangoni. Alijua tangu lini, sikumwuliza siku ile na sikuwahi kumwuliza. Kwa kuwa walikuwa wakiningoja, nikasema kwamba ndiyo, Trigo alikuwa akilala ameweka mkono chini ya shavu, na watu wa nyumbani walikuwa wakipita taratibu ili wasimwamshe.